Kifungu cha Saba

Jumanne na Ijumaa, saa tatu na robo asubuhi,
Bohdana Šírová alikuwa akija dirishani kwangu
na mfuko wa turubai: vifurushi kumi na viwili, kumi na vitano,
kuelekea Krismasi hata thelathini.
Mimi ni karani wa posta hapa Jablonec. Napima, nagonga muhuri.
Sikuwa na haja ya kuuliza ndani mna nini.
Vilicheka vyenyewe kwenye mizani, vifungo vya kioo,
vya buluu ya wino, vya rangi ya chai iliyosahauliwa kikombeni,
vingine vimechorwa kipepeo asiyezidi punje ya mtama.

Kiwanda kilichovitengeneza kilifungwa baba yake angali na meno.
Mshahara wa mwisho walimlipa kwa magunia.
Magunia hayo ndiyo yaliyomsomesha binti,
yakabadilisha madirisha mawili ya upande wa baridi.

Kisha soko likaandika barua.
Soko lile la mtandaoni halina uso, ila lina adabu:
Mpendwa muuzaji, tunafurahi kukujulisha.
Nimeshika barua za watu miaka ishirini na sita;
inayoanza kwa furaha namna hiyo
ina kisu ndani.

Alinisomea palepale, foleni ikikohoa nyuma yake.
Kifungu cha pili: ada, kutoka tisa kwa mia hadi kumi na tano.
Cha nne: mteja akibadili nia, muuzaji atalipia marejesho.
Cha tano: fedha zitalala kwao siku ishirini na moja.
"Zitalala," akasema. "Na mimi je?"
Cha saba: kila bidhaa iwe na namba ya mtengenezaji,
ile ya mistari myeusi.
Mtengenezaji yuko makaburini, safu ya nne, karibu na bomba.

"Nilikuwa nauza vifungo. Sasa nimeuziwa vifungu.
Badili herufi moja tu, na mtu ni mfungwa."

Aliwaandikia. Alijibiwa kwa sekunde nne
na mmoja aitwaye Niko, asiyelala, asiyekohoa,
akimshukuru kwa subira ambayo hakuwa nayo.
Akaandika tena. Niko akashukuru tena.
Mara ya tatu alimuuliza: umewahi kufunga koti?
Niko akamwelekeza kwenye ukurasa wa maswali.

Februari mfuko ulibeba vifurushi vinne.
Machi, kimoja: vifungo sita vya buluu, kwenda Malmö.
Vikarudi. Vitano.
Nyuzi zingali matunduni, nyeupe, za harusi.
Bei yake koruna tisini; nauli ya kurudi, mia na arobaini.
Nikamwandikia risiti bila kuinua macho.
Posta nayo ina kanuni, na mkono wake ni huu wangu.

Wapo watakaosema angehamia soko jingine.
Lipo. Linataka picha sita za kila kifungo
juu ya kitambaa cheupe kisicho na kunjo,
na amana ya miezi mitatu.
Wapo watakaosema mwenye nguvu mpishe.
Amempisha. Mgongo wake umefika ukutani.

Mei ikaja bahasha, stempu zimebandikwa kichwa chini,
haina jina la mtumaji, haina neno hata moja:
kifungo cha sita.
Kwenye hesabu za soko mauzo yale yalikwisha fungwa,
hapakuwa na mahali pa kukiandika.
Alinijia nacho siku ya Jumatano, isiyo siku yake.

Koti langu la kazi lilikosa kifungo cha tatu tangu vuli.
Kila mtu alikwisha ona, hakuna aliyesema.
Akaniomba sindano tunayoshonea mifuko ya barua,
akapenyeza mikono chini ya kioo cha dirisha,
akaniambia nisogee, nisipumue sana.
Buluu ya wino juu ya kijivu cha serikali.
Akakata uzi kwa meno.

"Kiasi gani?"
"Hakina namba," akasema, "basi si bidhaa."

Ijumaa, saa tatu na robo, niliutazama mlango.